Uyoga Ndani ya Ngoro

Mtoto anayedhani Jumamosi ni siku ya kucheza hajazaliwa Lihango. Katika kitongoji hicho cha milima ya Mbinga, Vitalia aliamka kabla ya jogoo wa jirani, akafagia uwanja, akashuka bondeni kuchota maji mara mbili, akasonga ugali wa kwenda nao shamba. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na shingo yake ilikwisha kuzoea ndoo.

Siku hiyo ya mwezi Machi wanawake walikuwa wakichimba ngoro katika shamba la mama yake, Restituta. Mlima wa huko ni mkali, na bila ngoro haukulishi. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza chini katika miraba. Wanawake huja nyuma yao, hutupa mbegu za maharage juu ya nyasi, kisha huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika, mpaka shamba zima hubaki mashimo na matuta. Mvua ikinyesha, maji hutulia mashimoni badala ya kuukimbiza udongo mtoni. Kufyeka ni kazi ya wanaume, kuchimba ni kazi ya wanawake. Hakuna aliyejua nani alipanga hivyo, wala hakuna aliyeuliza. Na machela ya kubebea wagonjwa nayo ilikuwa ya wanaume, kwa sababu hiyohiyo ya kutouliza. Wazee walisema kitu kinachobeba maiti hakishikwi na mwanamke, basi.

Wachimbaji walikuwa kumi na mmoja, wamekuja kwa ngokela, ile kazi ya kusaidiana, leo kwangu kesho kwako. Wa kumi na mbili alikuwa Hilda, mdogo wake Restituta. Yeye hakupaswa kuwa shambani. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, kubwa, na alikuwa amepanda kutoka Liuli kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa ili ajifungulie kwa dada yake. Mumewe Tobias alibaki ziwani akivua na kuanika usipa, dagaa wa huko. Hakuna aliyejua Hilda angejifungua lini, kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Lihango waliamini mimba ikitajwatajwa huvuta macho ya watu wabaya. Kwa hiyo kila mtu aliiona na kila mtu aliinyamazia.

"Nikikaa nyumbani nitakula ukuta," alisema Hilda asubuhi hiyo akicheka. "Wiki nzima natamani uyoga, Vitalia. Katika milima yote hii umekosekana uyoga?"

Vitalia alimpenda sana mama yake mdogo. Alimwahidi kwamba atautafuta.

Ilipokaribia saa sita, Hilda aliangusha jembe. Alikaa juu ya tuta akishika tumbo, na wanawake walipomsogelea waliona damu. Restituta alimwita binti yake pembeni. Simu za bonde lile zilikuwa za kutazamia saa tu. Mtandao ulipatikana kileleni, na siku za mvua haukupatikana hata huko.

"Kimbia kwa Ignatio," alisema. "Mwambie aje na pikipiki sasa hivi, mama yako mdogo anatoka damu. Usisimame njiani, mwanangu."

Ignatio alikuwa mtu pekee wa Lihango mwenye pikipiki. Nyumba yake ilikuwa chini, mahali barabara ya Mbinga inapoanzia, mwendo wa nusu saa kwa mtu mzima na pungufu ya hapo kwa mtoto anayekimbia. Vitalia alikimbia kweli. Alipita kisima, alipita miti ya kahawa ya Bibi Notburga, akaingia kwenye kichaka. Hapo, kwenye kichuguu kando ya njia, aliuona uyoga.

Ulikuwa uyoga wa kichuguu, mweupe, mkubwa kama sahani, na haukuwa mmoja. Vitalia alisimama. Alijiambia kwamba atachuma mmoja tu, apate wa kumpa mama mdogo akirudi. Alichuma mmoja, akaona mwingine nyuma yake, akafungua kanga yake. Mtu asijifanye kumshangaa sana. Nani hajawahi kutumwa akasimama? Lakini damu haisubiri, na hilo Vitalia alikuwa ameambiwa.

Alikuwa ameinama bado aliposikia pikipiki ikiwashwa kule chini. Aliinua kichwa. Muungurumo ulipita bondeni, ukaanza kupanda mlima wa pili kuelekea Mbinga. Aliusikiliza mpaka ukawa mdogo. Kisha akang'oa uyoga uliobaki, akafunga kanga, akashuka.

Nyumba ya Ignatio ilikuwa imefungwa. Mkewe na bintiye walikuwa wamekwenda kusafisha kanisa. Uwanjani palikuwa na alama ya gurudumu kwenye tope, na maji ndani ya alama hiyo yalikuwa bado yamevurugika. Vitalia aliiangalia, akageuka kurudi.

Njia nzima ya kurudi alitafuta maneno. Kusema amemkuta ameondoka kungeleta swali, mbona umekawia? Akakumbuka kwamba mwaka uliopita Ignatio alikataa kumbeba mzee mmoja wakati wa mvua, akisema mlima unateleza, na watu walimsema mwezi mzima. Alipofika mwanzo wa shamba, alimwaga uyoga wote ndani ya shimo moja la ngoro na kuufunika kwa nyasi. Halafu akaenda kwa mama yake.

"Amekataa," alisema. "Amesema njia inateleza."

Hakuna aliyeshangaa, na hilo ndilo lililofanya uongo wake uwe mwepesi kumezeka. Mwanamke mmoja alitumwa kuvuka mlima kuwaita wanaume, waliokuwa wakifyeka upande wa pili. Wengine walikaa. Walimlaza Hilda juu ya kanga, wakampepea, wakasali Salamu Maria, wakangoja. Jua liligeuka. Wanaume sita walifika na machela jioni, wamelowa jasho, wakamwinua wakashuka naye mbio. Mtoto alizaliwa kando ya mto, juu ya majani, akiwa hai. Hilda hakuifikia zahanati.

Alizikwa siku ya pili. Tobias alifika kutoka ziwani na nguo zake zikinuka usipa. Alikaa kwenye mkeka. Mtoto, wa kike, alimpa jina la mama yake mwenyewe, Ida, akamwacha kwa Restituta, ambaye alikuwa bado ananyonyesha mwanawe wa mwisho na sasa akawa ananyonyesha wawili. Kazi ya kumbeba Ida mgongoni ilikuwa ya Vitalia. Kila siku alipotoka shule alifungiwa mzigo ule wenye joto, na kila siku aliona ni mzito kuliko ulivyokuwa jana.

Ignatio alikuja msibani. Wanaume walisimama mbele yake uwanjani.

"Mimi sikuitwa," alisema. "Nilimpeleka mwalimu Mbinga, nilirudi jioni. Hakuna mtu aliyekuja kwangu."

"Mtoto wa watu aseme uongo, wewe useme kweli?" mmoja akamuuliza.

Ignatio aliangalia kundi lile, akageuka akaondoka. Vitalia alikuwa jikoni akipuliza moto. Alisikia kila neno. Aliendelea kupuliza moto ambao ulikwisha kuwaka.

Tangu siku hiyo hakuna mtu wa Lihango aliyepanda pikipiki ya Ignatio. Waliona heri kutembea hadi Mbinga na mizigo kichwani. Mkewe Hedwiga, akifika kisimani, wenzake walikuwa wamemaliza kuchota. Binti yao, Glorious, alikaa dawati moja na Vitalia tangu darasa la kwanza. Wavulana walimpa jina jipya, Mtoto wa Amekataa, na walimu hawakujua wafanye nini.

Siku moja Glorious aliweka kalamu chini.

"Baba anasema hukufika nyumbani," alisema polepole. "Ulifika?"

"Nilifika."

"Ulimkuta?"

Vitalia aliangalia daftari lake. Hesabu za sehemu zilikuwa zikicheza machoni.

"Nilimkuta," alisema.

Glorious alikusanya vitabu vyake akahamia dawati la nyuma. Hakumtukana. Ingekuwa nafuu kama angemtukana.

Baada ya matanga, wanawake walirudi kumaliza shamba la Restituta. Walichimba kimya. Mahali pale Hilda alipokaa palirukwa, kisha pakarudiwa mwishoni. Mwisho wa shamba, Mama Kilian, jirani yao mwenye maneno mengi, alifunua nyasi kwa jembe na kurudi nyuma.

"Nani huyu anatupa uyoga?" alisema. "Tazameni, shimo zima. Umeoza wote."

Wengine wakaja kutazama. Uyoga ulikuwa umeyeyuka, mweusi, una funza. Mmoja alisema ni kazi ya watoto, hawajui njaa. Restituta aliuangalia muda mrefu. "Na yule marehemu aliulilia wiki nzima," alisema, akaufunika udongo. Vitalia alikuwa hatua tano kutoka hapo na Ida mgongoni. Alitaka kusema. Badala yake akaikaza kanga ya Ida.

Ndipo Bibi Notburga aliposimamisha jembe lake. Alikuwa mjane, mwembamba, mkali kidogo, na mikono yake ilikuwa imechimba ngoro kwa miaka hamsini.

"Wenzangu, nina neno linanikaba," alisema. "Siku ile tulikuwa hapa wanawake kumi na mmoja. Kila mmoja wetu anabeba ndoo kichwani, kuni, na mtoto mgongoni, anapanda mlima huu. Hilda alikuwa na uzito gani? Tulimtuma mmoja, tuliobaki tukakaa chini, watu wenye nguvu, tukingoja wanaume sita."

Mama Kilian alisema kwamba machela si ya wanawake, tangu zamani.

"Najua. Na mimi nilikaa kwa sababu hiyohiyo," alisema Bibi Notburga. "Nimezika binti yangu mmoja kwa sababu hiyo, mwaka ambao wengi wenu mlikuwa hamjaolewa. Sitaki kukaa tena."

Hakukuwa na shangwe. Wanawake wawili walilia. Lakini hapohapo, kati ya mashimo, wakakubaliana kuanzisha kikundi. Waliandika majina kumi na moja kwenye karatasi ya daftari la Vitalia, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kalamu. Walimchagua Bibi Notburga kuwa mwenyekiti, akakataa, wakamchagua tena. Wakapatana kwamba mwanamke yeyote mwenye mimba, ikifika mwezi wa nane, atajitaja kwao bila kuona haya, na ataacha kushika jembe. Wakapatana kwamba machela itakaa chini ya upenu wa nyumba ya Bibi Notburga, na atakayeitwa atatoka hata kama ameacha chungu motoni.

Kisha Mama Kilian aliongeza jambo moja. Ignatio asiombwe kitu chochote, na nyumba yake isiwe ndani ya kikundi. Restituta alisema "Ndiyo" kabla ya wengine. Vitalia aliandika.

Walikata mianzi miwili mirefu, wakashonea magunia mawili magumu. Mwenyekiti wa kitongoji alisema wanawake wanajitafutia laana, halafu akaleta kamba za katani, akaziacha upenuni bila kuaga. Kila Jumapili baada ya misa walifanya mazoezi, wanne wakibeba, wanne wakifuata kupokezana, wengine wakitangulia kusafisha njia. Walianza kwa gunia la mahindi. Baadaye Bibi Notburga alijilaza mwenyewe, akalalamika kutoka juu mpaka mtoni kwamba gunia lilibebwa kwa heshima kuliko yeye. Hata Restituta alitabasamu siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Vitalia hakutabasamu. Alikonda. Mama yake alimpeleka kupimwa malaria, hakukuwa na malaria.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Vitalia ilichukua miezi mitatu, na kila siku ilipanda.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Juni, asubuhi ya ukungu na baridi ya kuuma vidole. Kahawa ilikuwa imeiva, na wanawake walikuwa wamekusanyika kwa Bibi Notburga ili waende kuchuma shamba lake kwa ngokela. Vitalia alikuwa akimbembeleza Ida karibu na mlango. Kutoka kwenye ukungu akatokea Glorious. Alikuwa peku, tope hadi magotini, na pua yake ilitoka damu mahali alipoanguka.

"Shikamooni," alisema, akihema. "Mama ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Mtoto hatoki na mama hana nguvu. Baba yuko Mbamba Bay, alikwenda kutafuta abiria huko kwa kuwa hapa hapati. Naomba machela."

Hedwiga alikuwa na mimba, wote walikuwa wameiona kisimani, ila yeye hakuwa na mahali pa kujitaja.

"Pikipiki ya baba yako si ipo?" alisema Mama Kilian. "Au njia inateleza?"

Glorious alianza kulia kwa sauti ndogo. Bibi Notburga alisema hili si jambo la kulipizana, lakini wengi walikuwa wakimwangalia Restituta. Marehemu alikuwa wake. Restituta alikwenda upenuni, akaweka mkono juu ya mwanzi wa machela. Ulikaa hapo.

"Mungu anisamehe," alisema. "Mimi siwezi. Kila nikiufikiria mlango ule, naona damu ya mdogo wangu. Nendeni ninyi."

"Tukienda bila wewe tutakuwa tunakusaliti," alisema mwingine. Na hapo wakasimama tena, watu kumi na mmoja wenye nguvu, karibu na machela, wakingojana.

Vitalia alimwangalia Glorious. Glorious alikuwa ametumwa akakimbia mpaka akaanguka, akaamka akakimbia tena. Ida alijinyoosha mgongoni. Vitalia akaona kwamba uongo wake ulikuwa unataka kula mtu mwingine, na kwamba safari hii angekuwa ameutazama ukila.

"Mama," alisema. "Ignatio hakukataa."

Restituta aligeuka.

"Sikumkuta. Nilisimama kwenye kichuguu nikachuma uyoga wa mama mdogo. Nilisikia pikipiki ikiwashwa, bado nikachuma. Nilipofika alikwisha kuondoka. Niliogopa. Nikasema amekataa. Ule uyoga ulioozea shimoni, ni mimi niliumwaga."

Ukungu ulikuwa ukipita kati yao. Restituta alimwangalia binti yake kama mtu anayesoma barua ndefu. Vitalia alingoja kofi. Angelipokea.

Restituta aliinama, akashika mwanzi wa mbele, akauweka begani.

"Mtoto mfunge vizuri," alisema, bila kumwangalia. "Utatufuata nyuma. Haya, akina mama, tunachelewa."

Walishuka kwa Ignatio karibu kwa mbio. Walimkuta Hedwiga sakafuni, midomo imekauka. Walimlaza kwenye machela, wakamfunika kanga tatu, wakaondoka. Wanne walibeba, wanne wakapokea, na Bibi Notburga alitangulia akihesabu hatua kwa sauti. Kwenye daraja la magogo walivua viatu. Restituta hakukubali kupokelewa mpaka walipovuka mto, na alipopita mahali Ida alipozaliwa, aliangalia mbele. Vitalia na Glorious walikuwa nyuma. Kwenye mteremko mbaya Glorious alimshika Vitalia mkono, kwa sababu ya mtoto, akauachia walipofika chini.

Saa nne na nusu walifika zahanati. Saa sita Hedwiga alijifungua mtoto wa kiume. Muuguzi alitoka akifuta mikono, akawaambia kwamba mama amechoka sana lakini atapona, na kwamba wamefanya vizuri kuwahi. Wanawake walikaa chini kwenye nyasi, mabega yao yamechubuka. Restituta alilia hapo kilio ambacho hakukilia msibani. Hakuna aliyemnyamazisha.

Jioni ya Jumapili jumuiya ilisali nyumbani kwa Bibi Notburga. Ignatio alikuwa amerudi. Alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, kofia ya pikipiki mapajani, kama mtu ambaye hajui kama amealikwa. Baada ya sala Restituta alimsimamisha Vitalia mbele ya watu wote. Vitalia alisema yote, tangu kichuguu mpaka shimo. Alipomaliza alipiga magoti mbele ya Ignatio akaomba msamaha, naye Ignatio aliiangalia kofia yake tu.

Bibi Notburga ndiye aliyezungumza.

"Vitalia, nitakuambia kweli, maana umri wako unaiweza," alisema. "Uyoga ule ulikuwa kosa la mtoto. Ungelisema siku ileile, ungelia, ungechapwa, yangeisha. Kwamba Hilda angepona kama ungewahi, hilo sijui, na wewe hutajua, utaishi nalo. Lakini uongo ulifanya kazi kubwa kuliko uyoga. Ulimfukuza mtu na nyumba yake katikati yetu, na jana ulitaka kumzika mwingine. Mwongo hudhani amejificha peke yake, kumbe amewaacha wenzake gizani."

Akawageukia watu wazima.

"Na sisi tusijifiche nyuma ya mtoto. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Sisi tulikaa chini tukangoja, halafu tukafurahi kupata mtu wa kumlaumu. Mtu mwenye wa kumlaumu hajitazami. Hatukumuuliza Ignatio hata mara moja kwa kumsikiliza. Baba, tusamehe. Sheria ile mbaya tumeifuta, na mkeo ni mwanakikundi, kama anatutaka."

Mama Kilian aliitikia kwanza. Baadaye Bibi Notburga alisema kikundi kinahitaji mtu wa kukimbia kuita watu, na kwamba amemchagua Vitalia. Wengine walinong'ona. Alisema amechagua, basi. Vitalia alitamani ardhi ipasuke. Ilikuwa adhabu na ilikuwa imani, vyote kwa pamoja, na hakujua apokee kipi kwanza.

Watu walipotawanyika, Ignatio alikuwa nje akipangusa kiti cha pikipiki kwa kitambaa. Vitalia alipita karibu naye, Ida mgongoni, macho chini.

"Wewe," Ignatio aliita.

Vitalia alisimama. "Shikamoo, baba Glorious."

Ignatio alikunja kitambaa, akakifungua, akakikunja tena.

"Marahaba," alisema. Kisha akamtazama usoni. "Siku nyingine ukinikuta nimeondoka, sema nimeondoka."